Msusi Aliyefunga Pazia

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke mwoga.

Simsengenyi marehemu. Alikuwa mwoga kweli. Aliogopa radi, aliogopa sindano, na mumewe, fundi viatu, anasema aliogopa hata jogoo. "Akimwona ng'ambo ya barabara, mke wangu anarudi ndani," anasema, anacheka huku akijifuta macho. Mtaani tulimwita Mama Nywele. Alikuwa msusi. Alitutoka juma lililopita, kwa maradhi ya moyo.

Mama Nywele alikuwa na mdogo wake wa kike, kiziwi. Walikua wakizungumza kwa mikono. Mdogo huyo alipata mimba angali mtoto wa shule. Alidhani ni ugonjwa wa tumbo. Hakuna aliyewahi kumweleza, wasikilizaji. Nyumba nzima kila mtu alimsubiri mwenzake aseme. Alifariki akijifungua. Dada mtu akabaki na hofu moja: ni nani mwingine hajaambiwa?

Basi akaanza kuwakusanya mabinti viziwi saluni kwake, kila Jumamosi. Aliwasuka, na aliwafundisha. Hedhi ni nini. Mimba inaingiaje. Magonjwa. Mwili wako ni wako, na kukataa ni haki yako. Lakini kusuka kunataka mikono miwili, na kusema nao kunataka mikono hiyo hiyo. Anasuka mstari, anaacha, anasema. Anasuka tena. Kichwa kimoja kilimaliza siku nzima, na wateja wengine walinuna kwelikweli.

Sasa, sisi tunaosikia tukiwa na la siri tunanong'ona. Mikono hainong'oni. Mpita njia yeyote anaona. Kwa hiyo Mama Nywele akafunga pazia, na hapo ndipo alipokosea. Mtaa mzima ukaanza kuulizana: anafanya nini na watoto wa watu nyuma ya pazia?

Jumamosi moja, mchana kweupe, watu wakaja. Wengine wameshika mawe. Mbele yao alikuwa muuza mkaa, mama wa mmoja wa mabinti wale. Mle ndani mabinti hawakusikia kitu. Mama Nywele alisikia kila tusi.

"Aliniambia mikono ilimtetemeka mpaka maneno yakawa yanatoka vipande vipande," anasema mumewe. "Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Akawaza, nikikimbia, hawa watapigwa bila kujua kwa nini."

Jiwe likavunja dirisha. Mabinti wakaona vioo vinamwagika, wakamtazama yeye. Akafungua pazia.

"Mama, ingia," alimwambia muuza mkaa. "Muulize mwanao mwenyewe. Mimi nitakufasiria."

Yaliyofuata, muuza mkaa ameniruhusu niyaseme. Haya ni maneno yake: "Nikamuuliza, mwanangu, unafundishwa uhuni humu? Akajibu kwa mikono. Msusi akanyamaza. Nikamfokea, sema basi! Akasema: 'Mwanao anasema, leo nimejua jina la kile anachonifanyia mpangaji wetu.' Miaka yote nimelala chumba kimoja na mwanangu, na sikuwa na lugha ya kumuuliza hata umeshindaje."

Watu waliondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyeomba radhi. Mpangaji alikamatwa, na ndugu zake wakaanza vitisho. Tutakuchomea saluni. Tunajua unapopita. Mama Nywele aliogopa mpaka siku yake ya mwisho. Kila Jumamosi alichungulia kushoto, akachungulia kulia, akasoma dua, ndipo akafungua. Lakini alifungua.

Kwako fundi viatu, na kwa ukoo wote, poleni sana. Mungu amlaze pema. Saluni sasa ina kufuli. Jumamosi iliyopita mabinti walikuja, wakasimama barazani wakingoja. Fundi viatu alitoka akakaa nao. Hakujua awaambieje. Walielewa walipomwona analia.

Nami naogopa, wasikilizaji wapendwa. Naogopa kwa ajili yao. Nimesema haya yote kwa sauti, na wale aliowapenda kuliko wote hawasikii redio. Kama yupo mmoja wao nyumbani kwako, usisubiri mwingine aseme. Nizime mimi. Kaa mbele yake, akuone uso, umwambie.