Usiguse Meza

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wengine nawasalimu kwa jina lake Yeye aliyenifikisha hapa Rusimbi nikiwa hai. Mnaniita Profesa. Leo nawaambia kwamba profesa huyu aliwahi kumpiga mtu mdomoni kwa kafi la mtumbwi pale mwaloni Kibirizi, meno mawili yakabaki mchangani.

Nianzie kwetu ng'ambo ya ziwa, kabla ya ukimbizi. Kazi yangu ilikuwa kupima mwanga wa njano unaotoka kwenye atomi za sodiamu. Kipimo hicho hakitaki mtikisiko. Mtu akigusa tu meza, vioo vinahama na kazi ya kutwa imeharibika. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu niliyemfundisha, tumejifungia ndani. Tukasikia risasi uani. Akainuka akimbie. Nikamwambia, "Tulia! Usiguse meza, bado dakika tano."

Ndugu zangu, alinitii, akakaa tena. Wenye bunduki walivunja mlango wakampiga risasi akiwa amekaa vilevile. Mimi walinipiga kitako cha bunduki, wakaniacha wakidhani nimekufa.

Nilifika huku kwa mtumbwi wa wakimbizi, nikawa mchukuzi wa mizigo pale mwaloni. Ile hasira sikuwa na pa kuipeleka, nikawa napiga watu. Ukinigusa bega, ngumi. Wengine mliokaa hapa mnazijua ngumi zangu, msijifanye mnatazama dari.

Siku moja mchukuzi mwenzangu akapita nyuma yangu na gunia la chumvi kichwani. "Mzee, pisha!" Akanisukuma kidogo. Niligeuka na kafi. Damu ikaruka, gunia likapasuka, chumvi ikamwagikia moto wa mama aliyekuwa akikaanga samaki, migebuka. Moto ukawaka njano tupu. Chumvi ina sodiamu ndani yake, ndugu zangu. Ile ndiyo njano iliyokuwa usoni mwa mwenzangu wa maabara nilipomwona mara ya mwisho. Nilikuwa nimeinua kafi mara ya pili, likanitoka mkononi. Nikakaa chini nikalia.

Watu wakaja na mawe. "Ua huyo mkimbizi!" Jiwe la kwanza likanipasua paji la uso, kovu mnaliona. Aliyewazuia ni yuleyule niliyemvunja meno. Alinilalia kwa juu, damu yake ikinidondokea shingoni, akapiga kelele, "Mwacheni bwana! Huyu hakuwa ananipiga mimi!"

Baadaye akaniuliza nilikuwa nampiga nani. Nikamweleza yote, kwa mara ya kwanza. Akasema, "Kumbe unajipiga mwenyewe, ila tunaoumia ni sisi." Tangu siku hiyo sijamwinulia mtu mkono.

Baadaye nilirudi kwenye kazi ya maabara, nimefundisha wengi. Namshukuru mama wa migebuka aliyenifunga paji kwa kanga yake. Namshukuru ndugu yule pale nyuma, anayekataa nimwekee meno ya bandia, eti pengo lake linanitia adabu. Mlango wa maabara yangu haufungwi. Anayeogopa na akimbie, hata akiangusha meza. Kipimo kikiharibika tunapima tena kesho. Mwenzangu hana kesho, kwa sababu nilimwambia atulie.