Mama Bado Aaga Chumba cha Ushauri

Wasomaji mtuwie radhi. Jarida hili limekaa kimya miezi mingi kwa sababu nilikuwa nangoja uamuzi wa kamati ya hospitali kuhusu nafasi itakayoachwa wazi, na mpaka leo haujatoka. Kustaafu, hata hivyo, hakungoji kamati. Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mshauri wetu wa afya ya akili, ambaye hospitali nzima humwita Mama Bado, anastaafu tarehe 30 Juni.

Jina hilo alipewa na mapokezi. Dodoso letu la kupima msongo lilianza kwa kuuliza tukio la kutisha lilitokea lini. Aliyejibu "bado" alipata sifuri, akarudishwa nyumbani. Ndivyo alivyorudishwa mshonaji mmoja anayeishi chini ya ukuta wa bwawa wenye ufa. Kila usiku aliwalaza wanawe wakiwa wamevaa viatu, naye akakesha akisikiliza maji. Alikonda; akawa anashona mkono wa kulia wa gauni upande wa kushoto. Kipimo kikasema ni mzima.

Mama Bado alimfuata hadi getini, akamrudisha ndani. Kisha akaiandikia kamati kwamba hofu ya lijalo huumiza kama lililopita, tena inapimika: mtu aulizwe anaota nini, anakwepa njia ipi, ameacha mipango gani. Kamati ikajibu kwamba lisilotokea si ugonjwa. Mganga mkuu wa wakati ule alimtania:

"Mama, sasa unataka tutibu utabiri?"

"Mimi natibu usingizi, daktari. Utabiri nakuachia wewe."

Ilichukua miaka tisa, narudia, tisa, kuongeza maswali manane katika karatasi moja.

Hakuwa malaika. Chai ya wenzake aliinywa bila kuomba, na mikutanoni alisinzia waziwazi, akidai analala kwa niaba ya wagonjwa wake.

Mshonaji sasa hulala. Ufa uko palepale, lakini watoto wake huvua viatu.

Mama Bado, asante kwa ubishi wako. Ukapumzike kwa afya njema, miongoni mwa wajukuu wasiojaza dodoso.

Kuhusu atakayeshika nafasi yake, kamati inasema italifikiria pengo likishaonekana. Siku itakapoamua, nitaandika. Hadi hapo, mapokezi, benchi la wanaomngoja kila Jumatatu limejaa. Msimrudishe nyumbani hata mmoja.