Tumbo la Omoding

Mwaka wa 1958, katika behewa la daraja la tatu kutoka Nagongera, mpishi Omoding alimweleza mama mmoja asiyemjua, Abbo, kwamba anakwenda Tororo kujibu kesi. Bwana wake Mzungu alimshitaki kwa kula siagi ya nyumba, na ushahidi ulikuwa tumbo lake tu. Enzi zile Mzungu akinenepa ilikuwa afya, Mwafrika akinenepa ilikuwa wizi. Hilo hatujalisahau.

"Na kweli ulikula, mwanangu?" Mama Abbo akauliza, akimpima kwa macho.

"Mimi nakula posho tu, mama, ugali wa mahindi, na chai ya sukari. Dresa wa hospitali, yule mfunga vidonda, aliniambia ini linapika mafuta lenyewe, kutoka kwa hiyo posho. Ukilipatia mafuta, linapunguza kupika. Ukilinyima, linaongeza."

"Ini gani hilo lenye jiko?"

"Ng'ombe yako anakula nini?"

"Nyasi."

"Na samli inatoka wapi?"

Mama Abbo akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Basi mwambie hakimu habari ya ng'ombe. Hiyo ya ini iache, atafikiri unamchezea."

"Nitamwambia ya ini. Ndiyo kweli yenyewe."

"Ini halionekani, mwanangu. Tumbo linaonekana."

Omoding alitaka kubisha, lakini gari moshi lilikuwa limekwisha simama Tororo. Akashuka, akafunga vifungo vya koti, na kabla ya kumpita askari wa mlango wa stesheni akavuta tumbo ndani.