Mwalimu Kathini na Ugonjwa Alioandikiwa

*Marehemu Kathini Nyamai Musembi, 1961–2025. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Mbuvi Nyamai, nyumbani kwa marehemu, Zombe, Jumamosi tarehe 27 Septemba 2025.*

Jumatano, tarehe 17 mwezi huu, nilifika Zombe kwa mara ya kwanza maishani. Nimeuliza njia katika miji mingi, kwa lugha ambazo sikuzaliwa nazo. Hapa niliuliza kwa Kikamba, na bado nikajiona mgeni kuliko kwingine kote, kwa sababu dada yangu ameishi hapa miaka thelathini na minane na mimi sikuwa nimekanyaga. Tulikuwa tukikutana viwanja vya ndege. Mama mmoja aliyekuwa akipepeta ndengu mbele ya duka aliangalia viatu vyangu kwanza, kisha uso.

"Kathini gani? Tuko na Kathini wa cherehani na Kathini wa makasia."

"Wa makasia."

"Aa, Mwalimu. Yule aliandikiwa ugonjwa." Aliweka ungo chini. "Panda hivi, pita kanisa, utaona watu. Lakini huyo Mulinge aliandika hiyo barua, wacha akanyage huko aone. Vijana wetu wanamngoja. Wewe ni nani yake?"

"Ni mdogo wake."

"Na ulikuwa wapi?"

Nilishukuru, nikapanda njia aliyonionyesha. Wasifu huu ni jibu kwa yale mengine aliyosema. Marehemu mwenyewe aliagiza kwamba siku ya leo tarehe zote zisomwe, isirukwe hata moja. Tunaomba mzisikilize kwa makini, hasa nyinyi vijana mliosimama kando ya lango.

Marehemu Kathini alizaliwa Tawa, katika Makueni ya leo, tarehe 3 Machi 1961, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Nyamai na marehemu mama yetu Wayua. Tulikuwa watano. Alipokuwa na miaka minane mwiko wa sima ulipotea nyumbani, ukatafutwa mchana kutwa. Mama alimkuta kwenye silanga, lile bwawa la kunyweshea ng'ombe, amekaa ndani ya karai, akipiga maji kwa ule mwiko huku ng'ombe wakimshangaa. Mama hakumchapa. Alimwambia, "Vizuri. Leo sima utaikoroga kwa mguu." Marehemu aliisimulia hadithi hiyo katika kila hotuba aliyowahi kutoa mbele ya mabalozi na mawaziri, nami, mkalimani wake, nikaitafsiri mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Neno karai lilinisumbua kila mahali.

Alisoma shule ya msingi Tawa kuanzia 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya wasichana Machakos, akamaliza kidato cha nne mwaka 1978. Alihitimu ualimu mwaka 1982 na kupelekwa kufundisha kando ya Ziwa Victoria, karibu na Homa Bay. Wavuvi wa huko walimcheka, Mkamba asiyejua maji. Baada ya mwaka mmoja walikuwa wakimpa kasia la mbele.

Huko ndiko alikokutana na Musembi, fundi seremala kutoka Zombe aliyekuwa ameitwa kutengeneza madawati ya shule. Musembi anasema alimpenda kwa sababu alikuwa mteja wa kwanza kumletea kasia lililovunjika na kumwambia amelikata vibaya, wakati hakuwa amelikata yeye. Walifunga ndoa kanisani tarehe 20 Desemba 1986 na kuhamia hapa mwaka uliofuata, naye akaendelea kufundisha katika shule ya hapa. Walibarikiwa watoto wawili, Kanini na Muindi.

Mwishoni mwa mwaka 1997 mvua kubwa ilinyesha, na Mto Thua, ambao kwa kawaida ni mchanga mtupu, ukajaa ukingo hadi ukingo. Watoto wa ng'ambo hawakuweza kuja shule, na waliokuwa shuleni hawakuweza kurudi kwao. Mmoja wao, Mulinge, wa miaka tisa, alikaa siku tatu kwa Mwalimu akingoja maji yashuke. Yaliposhuka, nyanyake akaomba abaki tu, awe karibu na shule. Alibaki miaka kumi na mmoja.

Marehemu hakungoja mvua nyingine. Musembi alipasua mapipa ya plastiki kwa urefu, akachonga makasia kwa mti wa mukau, na Mwalimu akaanza kufundisha watoto kwenye silanga la Zombe. Mulinge alikuwa wa kwanza kukaa ndani ya pipa. Silanga lilipokauka, mafunzo hayakukoma. Aliwapanga watoto kwenye mchanga wa Thua, wamekaa mistari miwili, wakipiga hewa kwa makasia kwa hesabu yake. Watu waliokuwa wakienda sokoni walisimama kando.

"Mwalimu! Mmefika Mombasa?"

"Bado. Tuko Kibwezi."

"Na mbona jana mlikuwa Kibwezi?"

"Upepo ni wa mbele. Wewe nenda ukauze kuku."

Kutoka mchanga huo alifika mbali. Mwaka 2009 aliwapeleka watoto saba kwenye mashindano ya Afrika. Mwaka 2012 alichaguliwa mwenyekiti wa chama cha taifa cha mchezo huu, mwaka 2014 akaingia baraza la Shirikisho la Dunia la Michezo ya Kasia, na tarehe 5 Desemba 2020 akachaguliwa rais wake kwa miaka minne. Aliongoza mikutano ya mwanzo kwa mtandao akiwa chini ya paa hili la mabati, na mvua ikinyesha wajumbe wa mabara matano walimngoja mpaka kelele zipungue.

Kazi yake huko ilionekana. Nchi wanachama zilikuwa sabini na nne. Alipoondoka zilikuwa mia moja na kumi na mbili. Kabla yake, nchi isiyokuwa na mkondo wa mashindano wa mita elfu moja haikupewa kura. Alisimama mbele yao akawauliza kama wanajua mto wa mchanga, na kanuni ikabadilishwa, hata nchi yenye bwawa la mita mia mbili ikaweza kupiga kura. Mashindano ya wanawake yalilingana idadi na ya wanaume. Watu wenye ulemavu walipata mitumbwi yao na medali zao. Tena alipitisha kanuni kwamba mgombea wa urais lazima apendekezwe na chama cha nchi yake mwenyewe, na kwamba chama hicho kinaweza kuondoa pendekezo lake hadi siku ya kwanza ya mkutano mkuu. Waliomtangulia walikuwa wamekalia viti miaka ishirini bila watu wa kwao kujua wanafanya nini. "Kiongozi ambaye kwao hawamtaki," alisema, "mimi namtaka wa nini?"

Mkutano mkuu ulifunguliwa tarehe 8 Novemba 2024, katika mji ulio kando ya Mto Danube. Marehemu aligombea muhula wa pili na alikuwa na kura za kutosha. Tulikuwa tumezihesabu. Alikuwa mzima. Asubuhi hiyo alipanda ngazi za ukumbi, orofa nne, kwa sababu hakupenda lifti, nami nikamfuata nikihema. Nilikaa nyuma yake kumtafsiria. Saa kumi jioni karani alimletea karatasi. Ilikuwa barua ya chama cha Kenya, ikiondoa pendekezo lake "kwa sababu za kiafya, kwa makubaliano na mhusika". Ilitiwa sahihi na katibu mkuu wa chama, Mulinge.

Aliniambia kwa Kikamba, "Soma tena." Nikasoma tena. Akauliza, "Ni mkono wake?" Nikamwambia ni wake. Ile herufi ya kwanza ya sahihi dada yangu ndiye aliyemfundisha, kwenye meza iliyo ndani ya nyumba hii.

Marehemu ndiye aliyekuwa akiongoza kikao. Alisimama, akavuta kipaza sauti, akawaambia wajumbe kwamba barua hiyo haisemi kweli, lakini kanuni iko wazi na ni yake mwenyewe. Kisha akatangaza kwamba mgombea amebaki mmoja. Ukumbi ulipiga makofi. Niliziangalia meza za zile nchi thelathini na nane alizoziingiza yeye, zile za mabwawa na mito ya mchanga. Walipiga makofi pia. Baadaye, mlangoni, walimjia mmoja mmoja, wakamshika mkono, wakampa pole ya ugonjwa. Akawaambia, "Mimi si mgonjwa." Wakatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anavyomtikisia mgonjwa asiyejijua.

Mulinge alikuwa ameahidiwa kiti katika baraza jipya na watu wa mgombea yule aliyebaki. Alikipata keshoye.

Marehemu alirudi Zombe tarehe 12 Novemba na kupanda ndengu zake. Januari 2025 alianza kuumwa mgongo, akadhani ni jembe. Tarehe 19 Februari, hospitalini Nairobi, aliambiwa ana uvimbe kwenye kongosho. Daktari alieleza mbele ya Kanini kwamba uvimbe wa namna hiyo hukaa mwilini miaka mingi kimya kabla ya kujulikana.

Hapa ndipo marehemu alitaka msikilize. Maneno yaliyozunguka sokoni tunayajua: kwamba kijana alimwandikia ugonjwa, na ugonjwa ukaja. Marehemu aliyakataa hadi mwisho. Barua ilikuwa uongo, kwa sababu aliyeiandika hakujua lolote. Haikuwa uchawi, kwa sababu ugonjwa ulikuwa ndani yake kabla ya karatasi hiyo. Mulinge alimsaliti Mwalimu. Hakumuua. Atakayemgusa kwa jina la Kathini atakuwa anamsemea uongo wa pili.

Mulinge alikuja kumwona tarehe 7 Juni. Kanini alikuwepo na ameyaeleza haya.

"Nisamehe, mwaitu," alisema, akimwita mama kwa Kikamba kama alivyomwita tangu utotoni.

"Kwanza niambie. Ulijuaje mimi ni mgonjwa?"

"Sikujua. Waliniambia lazima kuwe na sababu. Nikaweka ile hakuna mtu angebishana nayo."

"Kumbe umekuwa kiongozi kweli. Sasa andika nyingine. Useme ile ya kwanza ilikuwa ya uongo. Uipeleke kwa haohao."

"Nitaandika."

"Lini?"

"Wiki hii, mwaitu."

Marehemu aliingoja Juni, Julai na Agosti. Kila Kanini alipofungua simu aliuliza kama kuna kitu kutoka kwa Mulinge. Mwezi Septemba aliacha kuuliza.

Alilala hapa nyumbani siku zake za mwisho, kwa kupenda kwake. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 14 Septemba, Musembi alikaa kando ya kitanda akamuuliza swali la wale watu wa sokoni: "Mwalimu, mmefika wapi?" Akasema, "Mazeras. Mombasa imebaki teremko tu." Aliaga dunia saa tatu na dakika ishirini.

Alhamisi, tarehe 18, siku moja baada yangu, Mulinge alifika na shada la maua na barua ya rambirambi ya Shirikisho, isomwe leo. Musembi aliifungua mbele ya kamati ya mazishi. Ilisema marehemu alijiondoa kwa hiari mwaka jana ili apate matibabu. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Mwau, aliona isomwe tu. "Wageni wametoka mbali," alisema. "Tusiwaaibishe."

"Wao wametoka mbali," Musembi akajibu. "Mimi nilikuwa hapa."

Mulinge alisema, "Mzee, sikuisoma hiyo. Nilipewa ikiwa imefungwa."

"Na ile ya Novemba ulipewa imefungwa?"

Nje, vijana walikuwa wameshasikia amefika, na lango lilikuwa limejaa. Musembi alitoka akasimama kati yao na mlango, akawaambia huyu ni mtoto wa nyumba hii na ana kazi hajamaliza. Kisha akarudi, akafuta meza kwa mkono wake, akamwekea Mulinge karatasi. Mulinge aliandika kwa muda wa karibu saa mbili. Barua yake imechapwa ukurasa wa mwisho wa programu mliyo nayo mkononi, na Kanini ameituma kwa nchi zote mia moja na kumi na mbili. Imekuja baada ya miezi mitatu, na aliyeitaka hakuisoma. Barua ya Shirikisho haitasomwa.

Marehemu ameacha mume, Musembi, watoto, Kanini na Muindi, wajukuu wanne, ndugu wawili, mimi na Kasyoka wa Tawa, na mtoto wa kulea, Mulinge. Jina hili la mwisho kamati ilitaka kulitoa, na mimi nilikuwa upande wa kamati. Lakini orodha aliiandika marehemu mwenyewe mwezi Agosti, wakati bado anangoja, na mwandiko ni wake. Sijamsamehe Mulinge. Nimelisoma jina kwa sababu Mwalimu aliniagiza nisiruke kitu.

Sasa watu sita watamwinua. Wa mbele kushoto ni Mulinge. Musembi ndiye aliyempanga hapo, ili nyote mmwone na asiwe na mahali pa kujificha. Wampeleke chini, upande ule unaotazama Thua. Mimi nitabaki hapa kwa dada yangu mpaka mbegu za ndengu alizoziacha zipandwe na kuvunwa, nijifunze njia ambazo sikuziuliza alipokuwepo.

Nenda, Mwalimu. Teremko limekwisha. Weka kasia chini, na mkono wako upumzike.