Mzee Hezekia Mazengo, Aliyepigia Kura Nchi za Watu

Wachungaji wetu, wazee wangu shikamooni, viongozi wa vyama mliofika, majirani na wote mlioacha mashamba wakati huu wa palizi ili mje kulia nasi, mimi ni Jenipher, mke wa Manase, mkamwana wa marehemu, na familia imeniteua nisome habari za maisha yake kwa sababu ndiye niliyekaa naye karibu katika miaka yake ya mwisho.

Marehemu Mzee Hezekia Mazengo alizaliwa tarehe 9 Mei 1948 katika kijiji cha Kintinku, wilaya ya Manyoni, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Antipasi Mazengo na Mama Damari, wakulima na wafugaji, akabatizwa mwaka huohuo, na alipokua kidogo akachunga ng'ombe wa baba yake hadi alipoanza shule ya msingi hapo Kintinku mwaka 1957, akasoma na kumaliza darasa la nane mwaka 1964.

Mwezi Februari 1967 aliajiriwa na shirika la reli kama kibarua wa kutengeneza njia katika stesheni ya Saranda, na mwaka 1973 akahamishiwa hapa Itigi, ambako alipanda hadi kuwa mnyapara wa genge la vibarua wa njia, akafanya kazi kwa uaminifu mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2003, kisha akaendelea na kilimo na ufugaji wa nyuki, na wengi wenu hapa mmeonja asali yake, wengine bila kuilipia, naye hakuwahi kuwakumbusha.

Katika kazi hiyo ya reli alifanya kazi na watu wa nchi jirani, mmoja wao akiwa Paskali, fundi kutoka Kenya, aliyekaa naye chumba kimoja na kugawana naye ugali, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 Paskali akarudi kwao, baba akabaki na redio ndogo ya betri, ile iliyoitwa ya mkulima, aliyomwachia. Tangu hapo kila nchi iliyotangaza uchaguzi, baba alikaa chini ya dirisha la jikoni na redio ile na kuchagua chama ambacho angekipigia kura kama angekuwa mwananchi wa huko, kwa maana alisema ukitaka kumjali mtu wa mbali, jaribu kumpigia kura kana kwamba njaa yake itaingia nyumbani kwako.

Uingereza alikuwa wa chama cha wafanyakazi, kwa heshima ya watu wa reli, Ujerumani alikuwa wa chama cha kijani, kwa ajili ya misitu na nyuki, Afrika Kusini alishikilia chama cha wakombozi kwa miaka mingi, halafu akakikasirikia kama mtu anavyomkasirikia ndugu yake, na Kenya alikiri kwamba imemshinda, kwa kuwa kila alipokipenda chama, uchaguzi uliofuata alikuta hakipo. Marekani na Ghana hakukubali chama chenye nembo ya tembo, kwani tembo wa porini walishamvunjia mizinga yake, na Manase alipomweleza kwamba tembo wa kwenye nembo havunji mizinga, baba alimjibu kwamba hata yule wa pori la Rungwa alianza kwa kupita tu.

Nilipoolewa mwaka 2017, nikiwa na elimu yangu ya darasa la saba, niliogopa kukaa karibu na redio ile, lakini baba aliniuliza mbele ya wanaume kama mimi, kwa upande wangu, ningempa nani kule Ufaransa, akasubiri, na nilipokosa neno akasubiri tena, mpaka nikasema ningempa anayejali mama wajawazito wasitembee mbali, naye akawaambia wengine kwamba hilo ndilo swali la kuanzia. Sijasahau, wala sitasahau.

Tarehe 17 Agosti 1974 marehemu alifunga ndoa takatifu na Mama yetu Esta, aliyetangulia mwaka 2016, na Mungu akawajalia watoto wanne, ambao ni Leonard, Flora, Moses aliyefariki akiwa mdogo, na Manase, mume wangu, na ameacha wajukuu tisa.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo wote mnalijua, kwamba Leonard na Manase ni viongozi wa vyama viwili tofauti hapa Itigi, na tangu uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba mwaka jana hawajasalimiana, hata watoto wetu wakakatazwa kuchotea maji kwenye pipa moja. Jumapili ya tarehe 8 Desemba, redio ikitangaza matokeo ya Ghana, baba aliwaita wote wawili, wakakaa kila mmoja akitazama ukuta wake, akanituma nimuulize kila mmoja sikioni angempa nani, na wote wawili wakanijibu chama chenye nembo ya mwavuli. Baba akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliobaki na nguvu baada ya kiharusi, akasema, "Wanangu, mmekubaliana dunia nzima, mmebakiza Itigi tu." Leonard alichukua kofia yake akaondoka, lakini nilimwona amesimama muda mrefu getini.

Marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 2015, akapata kiharusi tarehe 3 Septemba 2023 kilichodhoofisha upande wake wa kushoto, na usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi mwaka huu 2025 hali ilibadilika, akalazwa hapa Itigi, ambako alifariki Jumatano tarehe 12 Machi, saa kumi na moja alfajiri.

Kabla hajafariki alinishika mkono akaniambia, "Mkwe wangu, watakuja na bendera. Mkinifunika moja, mtakuwa mmenizika pamoja na mwanangu mmoja." Jana wamekuja kweli, wajumbe wa pande zote mbili, kila upande ukiwa na bendera iliyokunjwa vizuri na ushahidi kwamba mzee alikuwa wao, nasi tunawashukuru kwa upendo huo, kwa maana mtu asiye na thamani hagombewi. Lakini baba alipiga kura yake hapa nyumbani kila uchaguzi, na hakumwambia mtu yeyote, hata mama. Siri hiyo anakwenda nayo. Familia imeamua, na mimi niliyetumwa nasema bila kuyumba, kwamba jeneza litafunikwa shuka jeupe la akina mama wa kanisa, na bendera zote mbili zitabaki kwenye magari zilimokuja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa muuguzi aliyemgeuza kitandani huku akimwita babu, tunamshukuru Simeoni wa bodaboda aliyembeba mara nyingi kwenda kliniki na kukataa nauli, jirani yetu Mama Leah aliyeleta uji kila asubuhi bila kuombwa, wazee wa msikiti waliochimba kaburi pamoja na vijana wa kanisa, na wastaafu wenzake wa reli, ambao tumewaona wamevaa makoti yao ya zamani.

Shemeji yangu Leonard, na wewe mume wangu Manase, tangu asubuhi mmekaa pande mbili za turubai. Baba alikuwa mzito, na mbele ya jeneza panahitaji watu wawili wenye urefu sawa, nanyi ndio mnaolingana. Nikimaliza kusoma nitanyamaza, wala nyimbo hazitaanza, tutawasubiri kama yeye alivyonisubiri mimi.

Baba, pumzika kwa amani, wanao wanakuja kukubeba.