Aliyekalia Helmeti: Bi. Verlene Tackett Anastaafu Baada ya Miaka Ishirini na Tisa

Ijumaa hii, tarehe 31 Mei, saa kumi na moja jioni, Bi. Verlene Tackett atarudisha ufunguo wa chumba cha tiba kilicho chini ya jukwaa la uwanja wetu, akiwa ametimiza miaka ishirini na tisa ya utumishi katika Chuo cha Laurel Fork. Alikuja mwaka 1995 na gari la baba yake, mikasi miwili na katoni moja ya plasta. Anaondoka na mikasi ileile. Plasta aliyotumia, kwa makisio yake mwenyewe, ingezunguka Kentucky mashariki yote na kubaki ya kufungia kifundo cha mguu.

Kwa wageni wa hafla hii ambao hutuona kutoka jukwaani tu, Bi. Verlene ndiye yule mama mfupi mwenye kofia ya jua aliyekimbia uwanjani kila mchezaji wa futiboli ya Kimarekani alipoanguka asiinuke. Alikuwa mtabibu wa timu. Alirudisha mabega yaliyoteguka na kukanda misuli, na kila asubuhi saa kumi na mbili, mazoezi yakianza, alijua nani hajala na nani hajalala. Wachezaji walimwita Bi Verlene. Yeye aliwaita wote "mwanangu," hata yule wa kilo mia moja na arobaini aliyelia kama mtoto alipoiona sindano.

Hakuna wasifu wake utakaokamilika bila habari ya helmeti. Kijana akigongwa kichwa, jambo la kwanza analotaka ni kurudi mchezoni, na la kwanza analotaka kocha ni hilohilo. Bila helmeti, mwamuzi hamruhusu kuingia. Kwa hiyo Bi. Verlene alimvua helmeti kabla hajamuuliza jina. Mwanzoni aliiweka kwenye benchi, lakini wasaidizi wa kocha waliichukua na kumvisha kijana tena. Ndipo akaanza kuikalia.

Kocha wetu (jina lake halihitajiki, atakuwa meza ya mbele) alimfuata siku moja mbele ya watu elfu sita.

"We mama, helmeti ya namba sabini na moja iko wapi?"

"Iko salama, Kocha. Kichwa chake ndicho sina uhakika nacho."

"Namtaka mtu wangu uwanjani sasa hivi!"

"Nami mgongo unaniuma, nimekaa. Njoo uninyanyue basi, bendi nzima ya chuo inakutazama."

Kocha hakumnyanyua. Msimu uliofuata alituma watu wawili wakae karibu na kiti chake, naye akahamisha maficho. Aliwahi kuitia helmeti kwenye sanduku la barafu chini ya chupa za maji. Mwaka 2011 alimpa mpiga tarumbeta kubwa wa bendi, ambaye aliisokomeza ndani ya mdomo wa tarumbeta yake. Siku hiyo wimbo wa chuo ulipigwa bila besi. Tulishindwa, na hadi leo kuna wanaoamini kwamba ni kwa sababu ya besi.

Tumeyacheka haya miaka mingi katika chumba cha kahawa. Bi. Verlene hakuwahi kuyacheka sana, na ni haki wasomaji wajue kwa nini.

Msimu wake wa nne kulikuwa na mchezaji aitwaye Dewey Combs, mtoto wa fundi bomba, aliyekuwa akisomea ualimu wa hesabu. Aligongwa robo ya pili ya mchezo. Bi. Verlene alimuuliza maswali yaliyokuwa yakiulizwa wakati huo: leo siku gani, tunacheza na nani, nani anaongoza. Dewey alijibu yote sawasawa. Akarudishiwa helmeti. Robo ya nne aligongwa tena, na aliamka baada ya siku kumi na moja. Mwezi Juni chuo kilimwandikia kwamba ufadhili wake wa masomo hautaendelea, kwa kuwa hayumo tena kikosini. Picha yake akiruka na mpira bado imetundikwa kwenye ukumbi wa kuingilia, wanapopitishwa wazazi wa wachezaji wapya.

Dewey yu hai, anaishi na dada yake. Kila Desemba humtumia Bi. Verlene kadi ya Krismasi. Huituma tarehe mosi, kisha tarehe tano, kisha tarehe tisa, maneno yaleyale, kwa sababu hakumbuki kwamba ameshaituma. Kadi zote zimo katika kabati la chumba cha tiba, droo ya chini. Aliyepewa kazi ya kuorodhesha vifaa vya chumba hicho aliuliza ziandikwe chini ya kichwa gani. Bi. Verlene alisema, "Andika makosa yangu. Halafu niachie, naenda nazo."

Tangu hapo hakuuliza tena nani anaongoza, maana vijana walikuwa wakikariri majibu. Mmoja alifika pembeni akiyumba na kusema, kabla hajaulizwa neno, "Jumamosi, robo ya tatu, tunaongoza kwa saba, niachie niende." Swali lake jipya lilikuwa hili: mara ya mwisho ulipokwenda nyumbani, mama alipika nini? Anayesema maharage na mkate wa mahindi, kisha akakumbuka kwamba mkate uliungua na nani alilaumiwa, huyo kichwa chake kipo. Anayesema "chakula," huyo anakaa.

Ofisi ya michezo nayo ilileta kipimo cha kompyuta. Kila Agosti, kabla ya msimu, mchezaji huoneshwa maneno na maumbo, halafu huulizwa anayoyakumbuka. Matokeo huwekwa kwenye faili. Akigongwa kichwa, hupimwa tena, na alama mpya hulinganishwa na zile za Agosti. Zikilingana, kompyuta husema amerudi katika hali yake ya kawaida, naye hurudi uwanjani. Ni utaratibu mzuri. Ulisifiwa sana katika gazeti la chuo.

Tunafika kwa Keandre Yarbrough, mchezaji wa ulinzi, mwaka wa pili, anayesomea uuguzi. Ieleweke mapema kwamba Keandre amesoma sehemu hii yote na ametia saini kuruhusu ichapishwe. Alipoulizwa kama angependa jina lake lifupishwe, alisema, "Weka lote. Wanapoliandika kwenye jezi hawaniombi ruhusa."

Keandre aligongwa Novemba iliyopita. Bi. Verlene aliikalia helmeti yake robo mbili nzima. Januari alipimwa, na kompyuta ikasema yuko sawa. Karatasi ililetwa kwa karani wa mafaili, ambaye kazi yake ni kuipiga muhuri na kuiweka mahali pake. Karani huyo, ambaye ndiye anayeandika wasifu huu, aliona jambo ambalo si kazi yake kuliona. Agosti, akiwa mzima, Keandre alikuwa amekumbuka maneno manne kati ya ishirini na manne. Muhula huohuo alipata alama A ya kemia. Karani aliibeba karatasi hiyo hadi chumba cha tiba, akaiweka mezani, akasimama karibu na mlango.

Bi. Verlene aliisoma mara mbili, kisha akamwita Keandre.

"Mwanangu, Agosti ulikuwa unaumwa?"

"Hapana, Bi Verlene."

"Ulikuwa umelewa?"

"Saa moja asubuhi? Hapana!"

"Basi maneno manne ni ya nini? Hata bibi yangu aliyezikwa angekumbuka sita."

Keandre alitazama viatu vyake. "Kila mtu anafeli, Bi Verlene. Wachezaji wakubwa wanatufundisha wiki ya kwanza. Ukifaulu Agosti umejiroga mwenyewe. Ukigongwa, hutarudi uwanjani tena. Ukifeli Agosti, hata ukigongwa unaonekana uleule."

"Na kocha anajua?"

"Kocha hutuambia tusijichoshe na maneno."

Walioko ofisi za jirani siku hiyo wanasema hawajawahi kumsikia Bi. Verlene akipaza sauti kabla ya hapo. Alisema: "Miaka ishirini na tisa nimefanya kazi chuoni, kumbe ni chuo ambacho mtoto akifika hufundishwa kufeli kabla hajafundishwa kitu kingine!" Alitoa mafaili yote ya kikosi. Wachezaji themanini na saba. Kwa alama zao za Agosti, sitini na mmoja hawakustahili kuachwa wavuke barabara peke yao.

Watu hupenda kuuliza kama michezo ya vyuo inawafaa vijana wanaoicheza. Huulizwa kwenye hafla kama hii, na hujibiwa kwa hotuba kuhusu nidhamu na moyo wa timu. Bi. Verlene aliwapenda hao vijana na aliupenda mchezo. Jumamosi yenye ushindi alitembea kama msichana. Ila alikuwa na namna yake ya kujibu. Alisema, mtazame mtoto anapojeruhiwa, uone nani anakimbilia mtoto na nani anakimbilia helmeti. Keandre alipoomba kuhudhuria mafunzo ya vitendo ya uuguzi Jumanne saa tisa alasiri, ofisini kwa kocha aliambiwa, "Kijana wangu, wagonjwa hawatakwisha duniani. Jumanne saa tisa ni mazoezi." Akashauriwa ahamie Masomo ya Jumla, ambako nusu ya kikosi iko tayari na ambako hakuna anayeweza kukueleza wanahitimu kuwa nani.

Keandre mwenyewe hakufurahi alipoambiwa hatacheza tena. Alisema kwa hasira, "Unanifukuza chuo, Bi Verlene! Nisipocheza, Juni wananikata kama walivyomkata yule wa kwenye picha." Lilikuwa neno la kweli, na lilimuuma Bi. Verlene. Ndipo akaomba kitabu cha kanuni za chuo, ambacho karani anacho kwa sababu hakuna mwingine anayekitaka. Ukurasa wa arobaini na moja, kanuni iliyoongezwa miaka mingi baada ya Dewey, inasema kwamba mchezaji aliyezuiwa na mtabibu wa timu kwa sababu ya afya ataendelea kufadhiliwa hadi ahitimu. Aliyeruhusiwa kucheza na asicheze, hapati kitu.

Kwa hiyo kila kitu cha Keandre, kichwa chake na masomo yake, kinasimama juu ya karatasi moja. Tarehe 9 Februari Bi. Verlene alichukua fomu ya ruhusa ya kurudi mchezoni na, mahali pa jibu, akaandika kwa wino mwekundu HAPANA, akapiga mistari mitatu chini yake na kutia saini. Jumanne iliyofuata, saa tisa alasiri, Keandre alikuwa wodini akijifunza kupima mapigo ya moyo. Mtu wa kwanza kupimwa naye alikuwa Bi. Verlene, aliyekwenda kwa makusudi hayo, na ambaye alimwambia mkono wake ni mzito kama wa fundi magari.

Bi. Verlene aliomba aongezewe msimu mmoja. Hakuongezewa. Kuanzia tarehe mosi Juni, mtabibu mpya atakuwa chini ya ofisi ya kocha, badala ya kituo cha afya kama ilivyokuwa. Karani pia ameelekezwa na Naibu Mkurugenzi wa Michezo, Bw. Stolz, kusafisha mafaili ya tiba kabla ya tarehe hiyo, ili mgeni aanze upya "bila mizigo ya zamani." Fomu ya tarehe 9 Februari ilitajwa kuwa mojawapo ya mizigo. Karatasi hiyo ikitoka, Keandre atakuwa mzima kwa mujibu wa kompyuta, na Agosti atachagua kati ya helmeti na shule.

Rasimu ya wasifu huu ilipelekwa kwa Bw. Stolz Jumatatu saa tatu asubuhi, kama utaratibu unavyotaka. Ilirudi saa tatu na dakika nne ikiwa na muhuri wa IMESOMWA. Tunamshukuru. Zimechapishwa nakala mia mbili na arobaini, moja kwa kila kiti, zikiwemo za wajumbe wa bodi na za familia tatu za wachezaji wapya. Fomu yenyewe imo kwenye faili lake, rafu ya tatu, na nakala yake iko kituo cha afya, kwa daktari mkuu, aliyeipokea kwa saini.

Bi. Verlene, asante kwa plasta, kwa maharage uliyotupikia kila Ijumaa, kwa swali la mama alipika nini. Asante kwa kila kijana aliyefika nyumbani akijua ni wapi. Makarani tumelaumiwa siku zote kwamba tunakalia mafaili ya watu, na mara nyingi ni kweli. Nenda nyumbani, mama, ukae kwenye kiti chenye mto, na siku zako ziwe nyingi na nyepesi. Hili la Keandre tumelikalia sisi.