Ombi la Klabu Yetu ya Biolojia Kuwa Tawi la Wataalamu

Mgeni wetu rasmi, uliye mwenyekiti wa Chama cha Wataalamu wa Biolojia, walimu wetu, wazazi wetu mliojaa mpaka mlangoni:

KARIBU
Karibu, karibu tena! Tangu asubuhi hatujatulia. Meza hizi zimefutwa mara tatu. Sisi ni wanafunzi ishirini na wawili, pamoja na mlezi wetu, bibi anayesafisha maabara hii. Ndiye anayekusomea, maana vijana walisema, "Bibi, wewe ndiye mwenye sauti." Basi kwanza, kitendawili! Itikieni, wajukuu. Ana jicho moja, wala haoni mpaka umwazime lako. Umekipata? Hadubini!

TULIKOTOKA
Tulianza watano, na hadubini moja ya kupokezana. Aliyechelewa aliambulia kusimuliwa.

TULIYOFANYA
Tumechora mimea sitini na mmoja ya uwanja huu. Tumepima maji ya visima vya mtaani. Viwili vilikuwa na wadudu, na sasa wenyewe wanachemsha maji. Siku hizi majirani wanabisha hodi na chupa: "Hebu nitazamieni na haya yangu!"

KILICHOTUKWAMISHA
Hapa tunasema kweli tupu. Mwaka jana tuliwaandikia ninyi wataalamu kwamba tumegundua kiumbe kipya: cha duara, ukuta mweusi, hakina miguu. Tukakichora, tukakipa na jina. Barua ilipokwisha kwenda, bibi akachungulia.

"Wajukuu, mbona kama povu la kuoshea vyombo?"

"Bibi naye! Hiki ni kiumbe."

"Haya, kiumbe gani hakili, hakitembei, hakizai?"

Tukachungulia tena. Kilikuwa kiputo cha hewa chini ya kioo. Tulicheka mpaka machozi, kisha machozi yakawa ya kweli. Kesho yake tukaandika barua ya pili kukiri kosa, tukatia sahihi wote. Tangu hapo ombi letu la kuwa tawi lenu halijajibiwa, na tunasikia huko ofisini mnatuita "wale wa kiputo". Ndio sisi, hatukatai. Ila barua ya pili, je, mliisoma?

OMBI LETU
Ni moja tu: utupokee tuwe tawi, leo. Wenzetu tisa wanamaliza mwezi ujao. Maabara zenu huchukua kwa mazoezi wanafunzi wa matawi pekee. Tusipokuwa tawi, hawa watarudi nyumbani kukunja mikono, na kazi wanaijua.

Simameni, ninyi tisa, mgeni awaone. Mheshimiwa, chagua yeyote, umuulize lolote la fani yenu. Yule mrefu ameanza kujificha nyuma ya wenzake. Usimwonee huruma, anajua huyo.

Mungu akupe afya, akulindie na wa nyumbani kwako. Risala imekwisha, lakini hatuketi. Tunangoja swali lako la kwanza.

Ni sisi,
Klabu ya Wanafunzi wa Biolojia, pamoja na Bibi wa Maabara